Mgonjwa wa utumbo apimwe uzito kabla ya kukatazwa maharage

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushauri wa chakula kwa wenye ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, magonjwa ya utumbo kuvimba na kuchubuka, yanayotulia kisha yakaamka tena kwa miaka.

Wengi hupewa ushauri uleule wa vidonda vya tumbo: acha maharage, acha pilipili, acha maziwa, acha nyama. Mgonjwa anarudi Mbagala na orodha ya makatazo, hajaambiwa ale nini. Anabaki na uji mtupu na chai ya rangi, mwili unakwisha. Ugonjwa ukiwa umeamka, anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 asipungukiwe gramu 72. Mayai 2 yana kama gramu 12. Kipande cha samaki au kuku kinachojaa kiganja kina gramu 20 hadi 25, basi kimoja mchana, kingine usiku. Kikombe cha mtindi kina kama 8, na wali au viazi hujazia. Sahani kubwa ikimshinda, ale kidogo kidogo mara 5 au 6. Wengi wanaosumbuliwa na maziwa freshi huuweza mtindi, kwa kuwa sukari ya maziwa imepungua ndani yake.

Katazo la nyuzinyuzi, yale makapi ya mimea kama ya maharage na mboga, lina mahali pake, nalo ni utumbo uliobana, yaani njia yake imekuwa nyembamba. Hapo miwa, bisi, korosho, mahindi ya kuchoma na nyuzi za chungwa huweza kuziba njia, tumbo likanyonga na kutapika kukaanza. Huyo ale sembe badala ya dona, mchicha uliokatwa na kupikwa ukalainika kabisa, maharage yaliyochujwa maganda. Asiyebanwa, ugonjwa ukitulia, arudishiwe mboga na matunda, kimoja baada ya kingine. Kumnyima maisha yote ni kumwonea.

Dafu tunalipenda, lakini chumvi yake ni ndogo. Anayeharisha sana anywe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti nzima kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Kukisia nusu pakiti kwenye glasi hutoa maji makali mno, na kuharisha huzidi.

Anayetumia salfasalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, aulizwe kama amepewa asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, maana dawa hiyo huzuia kufyonzwa kwake. Anayepoteza damu asinywe chai pamoja na mlo. Chai hushika madini ya chuma.

Ombi langu kwa hospitali zetu: kila kliniki ya tumbo iwe na afisa lishe, mizani, na kadi ya kuandika uzito kila hudhurio. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, aitwe arudi mapema, hata kama hajalalamika maumivu.

Afisa lishe,
Temeke, Dar es Salaam