Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Wazee wetu, akina mama na vijana wa karakana za betri katika mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, jambo.

Mweka hazina ameshasoma hesabu, na michango imeingia vizuri. Sitayarudia hayo. Nina neno kuhusu namba za betri.

Mwezi wa nane mama mmoja muuza samaki alituletea betri ya sola iliyovimba ubavuni. Alikuwa ameinunua kwa mmoja wetu. Tuliigeuza huku na huku: karatasi ya namba imekwanguliwa kwa kisu, juu yake imebandikwa nyingine inayong'aa. Hakuna daftari lililosema ilitoka wapi wala nani alibadilisha seli. Tulimrudishia fedha kutoka sanduku la chama, lakini aibu ile bado ninayo.

Huko Ulaya, sheria ya betri ya 2023 inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 kila betri ya gari la umeme, ya baiskeli ya umeme, na ya viwandani inayozidi kilowati-saa 2, iwe na pasipoti ya kidijitali. Unaelekeza simu kwenye msimbo wa QR, unamwona aliyeitengeneza na madini yaliyomo. Betri ikitolewa garini ikawekwa kutunza umeme wa sola, anayeibadilisha hufungua pasipoti mpya iliyofungwa na ile ya kwanza. Ikisharejelezwa, pasipoti nayo inakoma. Na fundi mwenye haki ya kujua atapata michoro ya kuifungua pamoja na maonyo ya usalama. Hilo nalipenda kuliko yote, maana wengi wetu tumejifunza kufungua betri za lithiamu kwa kuungua vidole.

Sheria hiyo haitufungi sisi Lubumbashi. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa kwenye betri, inachimbwa Kongo, na malori ya madini tunayaona kila siku yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tena kuanzia Agosti 2031, katika kobalti ya betri mpya za magari zinazouzwa Ulaya, angalau asilimia 16 itatakiwa itoke kwenye mabaki na betri kuukuu. Naona betri kuukuu zinazolala nyuma ya karakana zetu zitatafutwa, na mnunuzi atauliza historia yake kwanza.

Daftari letu la kwanza la kuandika historia hiyo lilitobolewa na asidi. Sasa fundi anapiga picha ya namba kwa simu, anaandika tarehe, volti na kazi aliyofanya. Jioni umeme ukirudi, katibu anaingiza kwenye kompyuta. Wako wanaoogopa kwamba wateja watafuatwa na watoza kodi. Hatuandiki jina la mteja, ni namba ya betri na jina la fundi tu.

Naomba mkubali kanuni hii: kuanzia Januari, atakayekwangua namba atamlipa mteja kwa mfuko wake mwenyewe. Karatasi za kura ziko kwa katibu, pale mlangoni.