Barua kwa mwanangu: karakana ya makapi ya Portsmouth

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Tumefurahi kusikia kwamba kati ya majengo ya bandari ya kijeshi ya Portsmouth, Uingereza, umechagua kuchora na kuandika juu ya karakana ya makapi, yaani vile vifaa vya mbao vyenye gurudumu vya kupitishia kamba za meli. Ila swali lako la "mtindo wake ni upi" halitakufikisha mbali. Ni jengo la enzi za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, 1714 hadi 1830, na kwa macho ni matofali na safu za madirisha tu, nakshi hakuna. Lisome kuanzia chini ya ardhi.

Chini kuna maji. Mwishoni mwa karne ya 17 palichimbwa bwawa, nalo baadaye likatumika kupokea maji ya magudi, yale mashimo ya kutengenezea meli pakavu. Gudi lilipotakiwa kukauka upesi, maji yake yaliachiwa yateremke bwawani, kisha pampu zikayatoa humo kwa nafasi. Samuel Bentham, aliyepewa mwaka 1796 ukaguzi mkuu wa kazi za ujenzi wa jeshi la majini, akaona nafasi inapotea juu ya maji hayo. Alilifunika bwawa kwa matao ya matofali ya ngazi mbili: ya chini yakabaki na maji, ya juu yakawa ghala, na juu yake akapata kiwanja. Hapo zikasimama safu mbili za majengo ya ghorofa, za pampu na za kupasulia mbao. Injini ya mvuke iliwekwa mwaka 1799. Mchana iliendesha misumeno, usiku ikavuta maji.

Kati ya safu hizo mbili ukabaki ua. Mashine za kutengeneza makapi alizobuni mhandisi Marc Isambard Brunel zilipokubaliwa mwaka 1802, ua huo ulipauliwa ukawa ukumbi. Ndiyo maana katikati pako chini na pande zote mbili zimeinuka. Usije ukaandika kwamba jengo lilichorwa lote kwa mpigo mmoja, maana ukumbi ule maarufu ulijazia pengo.

Kapi unalijua kutoka majahazini: bila gofia, lile kapi la mlingotini, kamba ya jarari haipandishi foromali, boriti ya tanga. Sasa fikiria manowari moja ya mizinga 74, iliyohitaji makapi karibu 1,000. Jeshi zima lilitaka zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Roda, gurudumu la ndani ya kapi, ikilika upande mmoja, kamba husugua ganda la mbao, hukwama au hukatika, na tanga halishuki dhoruba ikifika. Kwa hiyo usawa wa tundu na pini lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Hatua zake zilikwenda hivi. Gogo la mti wa elm lilikatwa vipande. Mashine ya kutoboa ikatoboa tundu la pini, na kwa upande mwingine matundu ya kuanzia nafasi ya roda. Kibanio chake kiliacha alama kwenye mti, na mashine zilizofuata zilikishika kipande palepale penye alama, hivyo vipimo havikuhama. Hilo ndilo ninalolistahi kuliko yote katika kazi ile. Kisha patasi iliyopanda na kushuka kwa mvuke ikachimba nafasi ya roda, kipande kikisogezwa kidogo kila pigo. Msumeno ukakata pembe. Baada ya hapo makapi 10 yalifungwa kwenye gurudumu kubwa, yakachongwa uso mmoja kwa pamoja, yakageuzwa robo, yakachongwa tena. Mwisho ukachimbwa mfuo wa kamba ya kufungia.

Roda ilitoka kwenye lignum vitae, mti mgumu wa Karibi wenye mafuta yake ya asili. Katikati yake ilitiwa bushi, yaani pete ya shaba, maana mti mtupu ukizunguka kwenye pini ya chuma tundu lake hupanuka mpaka roda icheze. Mashine zilitengenezwa na fundi mitambo Henry Maudslay, 45 kwa jumla, fremu zake zikiwa za chuma ambapo mashine nyingi za wakati huo bado zilikuwa za mbao. Watu 10 waliweza kazi ya 110, na mwaka 1808 yalitoka makapi 130,000.

Unapochora, onyesha njia ya nguvu: kutoka injini hadi shafti za juu, kutoka shafti hadi mashine kwa mikanda. Na mkato wako, mchoro unaoonyesha jengo kama limepasuliwa wima, uanzie kwenye matao, vinginevyo mchoro utasema nusu tu.

Kuhusu ukarabati, angalia viungo vya matofali. Majengo ya umri huo yalijengwa kwa chokaa. Yakizibwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, na uso wa tofali hubanduka baridi inapogandisha maji ndani yake. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja nazo huharibiwa na saruji, ingawa kule anayesukuma ni chumvi.

Baadhi ya mashine ziliendelea kutumika humo hadi miaka ya 1960. Nyingine zimo Science Museum, London. Ukienda, anza na ile ya kutoboa, ukitazame kibanio chake kabla ya kitu kingine, kisha unitumie mchoro wake wenye vipimo.

Baba yako