Uhuru wa Indonesia: vitisho vya Marshall si habari yote

Mhariri,

Kila inapowadia kumbukumbu ya mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Bandung, Indonesia, 1955, wasomaji huambiwa kwamba Waholanzi walifungasha virago Indonesia kwa sababu Marekani ilitishia kuwakatia fedha za Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita. Jambo hilo lilikuwepo, lakini likisimuliwa peke yake linapotosha. Naomba nafasi niliweke mahali pake.

Kwanza, Marekani haikuanza upande wa Jamhuri ya Indonesia. Sukarno na Hatta, viongozi wa Jamhuri hiyo, walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kusalimu amri. Oktoba mwaka huo Washington iliwaomba Waholanzi na Waingereza wafute nembo za Marekani kwenye silaha na vifaa walivyokuwa wakitumia huko. Nembo tu, silaha zenyewe zilibaki mikononi mwao. Brigedi ya wanamaji wa Kiholanzi iliyopelekwa Java ya Mashariki ilikuwa imepata mafunzo na zana zake Marekani.

Waliobanwa mapema ni Waingereza. Walikuja kupokea silaha za Wajapani, wakajikuta wanapigana mitaani Surabaya mnamo Novemba 1945, wakitumia askari wa Kihindi ambao nchi yao nayo ilikuwa inadai uhuru. Baada ya hapo waliwasukuma Waholanzi wakae mezani, ukapatikana mkataba wa Linggadjati kati ya Uholanzi na Jamhuri, na mwisho wa Novemba 1946 Waingereza wakaondoka. Waholanzi walipoona njia nyeupe, waliivamia Jamhuri tarehe 21 Julai 1947 na kuuita uvamizi huo "hatua ya polisi". Jina hilo lilichaguliwa makusudi, ili ionekane ni jambo la ndani lisilouhusu Umoja wa Mataifa.

India na Australia hazikulikubali jina hilo. Zililifikisha suala Baraza la Usalama, na tarehe 1 Agosti Baraza likataka mapigano yasimamishwe. Ikaundwa kamati ya usuluhishi: Uholanzi ichague mjumbe mmoja, Indonesia mmoja, na hao wawili wachague wa tatu. Uholanzi ikachukua Ubelgiji, Indonesia ikachukua Australia, na wa tatu akawa Marekani. Kwa kuwa wawili wa kwanza walijulikana wanaegemea wapi, neno la wa tatu ndilo lililokuwa na uzito. Kasoro ya kamati hiyo ni kwamba ilikuwa na uwezo wa kushauri tu, haikuweza kumlazimisha mtu.

Matokeo yake yalionekana Januari 1948 ndani ya Renville, meli ya kivita ya Marekani iliyotia nanga Jakarta ili mazungumzo yawe mahali pasipo pa upande wowote. Mstari wa kusimamisha vita uliunganisha sehemu za mbele kabisa ambako vikosi vya Uholanzi vilikuwa vimefika. Lakini nyuma ya sehemu hizo kulikuwa na maeneo mapana ambayo Mholanzi hakuyashika kamwe, na wapiganaji wa Jamhuri walikuwa bado wamo. Walitakiwa watoke. Kikosi cha Siliwangi cha jeshi la Jamhuri kililazimika kuihama Java ya Magharibi kwenda Java ya Kati kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye ramani.

Kilichoigeuza Washington ni Madiun. Septemba 1948 wakomunisti waliasi katika mji huo na Jamhuri yenyewe ikawazima. Tangu hapo Wamarekani walimwona Hatta kama ngome dhidi ya ukomunisti. Basi Mholanzi alipoiteka Yogyakarta, mji mkuu wa Jamhuri, tarehe 19 Desemba 1948 na kuwakamata viongozi, alimpiga mtu ambaye Marekani ilikwishaanza kumtegemea.

Hapa ndipo fedha zinapoingia, na ndipo wengi wanapokosea. Zilizosimamishwa Desemba hiyo ni fedha za Marshall zilizotengwa kwa ajili ya Indonesia. Fungu la Uholanzi yenyewe halikuguswa. Shinikizo kubwa lilikuja 1949: Februari seneta Brewster alitaka misaada ikatwe, na mwisho wa Machi Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akamweleza mwenzake wa Uholanzi, Stikker, kwamba bila suluhu Indonesia ingekuwa vigumu Bunge la Marekani kuipa Uholanzi msaada wa kijeshi. Mkataba wa Atlantiki, ulioanzisha NATO, ulikuwa unasubiri kutiwa saini tarehe 4 Aprili. Mei 7 yakapatikana makubaliano kati ya Roem, mjumbe wa Indonesia, na van Roijen, mjumbe wa Uholanzi.

Lakini Wamarekani hawakuwa peke yao. India, Pakistan na Ceylon zilizuia ndege za Kiholanzi kupita. Wafanyakazi wa bandari za Australia walikuwa wakigomea meli za Kiholanzi tangu 1945. Januari 20 hadi 23, 1949, Nehru, waziri mkuu wa India, aliitisha mkutano New Delhi, Misri na Ethiopia zikiwemo. Ulitaka serikali ya mpito kufikia Machi 15, uchaguzi kufikia Oktoba 1, na madaraka yakabidhiwe kufikia Januari 1, 1950. Siku tano baadaye Baraza la Usalama likapitisha ratiba hiyo hiyo, ila kwenye makabidhiano likasogeza mbele miezi sita. Na yote hayo yasingefaa kitu kama Jenerali Sudirman, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu, asingeendelea kuongoza vita vya msituni akiwa amebebwa kwenye machela.

Bei ya uhuru ililipwa The Hague, Uholanzi, kwenye mazungumzo ya 1949 ya kukabidhi madaraka. Uholanzi ilidai Indonesia ibebe deni la zaidi ya gilda (fedha ya Kiholanzi) bilioni 6. Cochran, msuluhishi wa Kimarekani, aliwashawishi Waindonesia wakubali bilioni 4.3, na ndani yake zimo gharama za vita vilivyopiganwa dhidi yao wenyewe. Jakarta ililikana deni hilo 1956, sehemu kubwa ikiwa imekwisha kulipwa. Papua ya Magharibi ilibaki mikononi mwa Uholanzi, ikaachwa kiporo hadi Agosti 15, 1962. Wakati huo Indonesia ilikuwa imejaa silaha za Kisovieti, na Marekani, ikihofia vita, iliishinikiza Uholanzi iiachie. Mkataba ulitiwa saini New York kati ya Uholanzi na Indonesia. Wapapua hawakuwa na sahihi yao humo.

Wanaoandaa makala za Bandung, tafadhali itajeni na hiyo bilioni 4.3.

Msomaji wenu,
Tanga