Jiwe jeusi lilitupotezea saa mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wale wenye ndugu huku Marekani. Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la Wakongo wa Phoenix, mama mmoja aliuliza nani ana jiwe jeusi la kumuuzia, lile ambalo watu huliweka alipouma nyoka wakiamini linanyonya sumu, maana Machi imefika na nyoka wameanza kutoka. Walijibu watu saba. Mmoja alisema anaweza kuagiza kutoka Kigoma, mwingine akataja bei. Hakuna hata mmoja aliyetaja hospitali. Nilishindwa kulala, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tangu 2016 naishi Phoenix, jimbo la Arizona, pamoja na mama yangu, mdogo wangu wa kiume, wanangu na baba yangu mdogo. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku.

Arizona ni jangwa, na jangwa hili lina aina 13 za nyoka ambaye Wamexico tunaofanya nao kazi humwita cascabel. Hakuna jimbo jingine la Marekani lenye aina nyingi hivyo. Sisi nyumbani tunamwita nyoka wa kayamba, kwa sababu mkia wake unaishia na pingili kavu, ngumu kama kucha, na akizitikisa zinalia. Anayeuma watu wengi zaidi hapa ni yule mkubwa mwenye mabaka ya pembe nne mgongoni na pete nyeusi na nyeupe karibu na ncha ya mkia. Mtu wa kwetu akimwona humkumbuka piri, ambaye Watanzania mnamwita kifutu: mnene, kichwa kipana, hana haraka ya kukimbia, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai.

Ilikuwa Agosti 2023. Mwaka ule Phoenix ilipita siku 31 mfululizo ambazo kila mchana joto lilifika nyuzi 43 au zaidi. Katika joto la namna ile hakuna mtu anayelima mchana. Mama ana matuta yake kwenye shamba ambalo wakimbizi hugawana vipande, analima lengalenga, bamia na matembele, na alikuwa akienda huko jua likizama. Hatukujua kwamba nyoka naye hupanga siku yake hivyohivyo. Wakati wa joto kali hushinda kivulini, jioni hutoka kuwinda panya. Na panya wa jangwani wanafuata maji. Mabomba yetu ya kudondoshea maji ni kisima cha kila kiumbe wa eneo lile.

Matembele yalikuwa yametambaa hadi udongo hauonekani. Mama aliinama, akapitisha mkono wa kushoto chini ya majani kutafuta vikonyo laini, kama alivyofanya tangu utoto wake. Hakusikia kayamba. Watu wengi wanaamini nyoka huyu lazima alie kwanza ndipo aume. Si lazima. Akishtukizwa anauma kimya. Mama anasema alihisi kama amefumbata kaa la moto. Alipoutoa mkono kulikuwa na matone mawili ya damu kati ya kidole gumba na cha shahada.

Mdogo wangu, kijana wa miaka 19, alimkata nyoka kichwa kwa jembe, akakitia kichwa kwenye ndoo ya rangi ili daktari akione. Kisha akampakia mama garini, wakaja nyumbani. Shamba liko dakika kumi na tano kutoka hospitali. Lakini walikuja nyumbani, kwa sababu baba mdogo ana jiwe.

Niliamshwa na kelele. Nilipofika sebuleni baba mdogo alikuwa amekwisha funga kipande cha kitenge juu ya kiwiko, amekaza kwa mwiko hadi mkono ukawa na rangi ya bilinganya. Alikuwa amechanja kwa wembe mahali pa meno, na juu yake ameweka jiwe. Ni dogo, kama kipande cha chaki, jeusi, jepesi mkononi kuliko unavyotarajia. Alilinunua Nyarugusu, na lilisafiri nasi hadi Marekani likiwa limefungwa ndani ya pindo la kanga kwa pini. Lilinata kwenye ngozi ya mama, na sote tukashusha pumzi. Likishiba sumu litaanguka lenyewe, alisema.

Basi tulikaa tukilitazama jiwe. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye mtoto mkubwa na nimefundishwa huduma ya kwanza kazini, na nilikaa pamoja nao. Nilimwogopa baba mdogo, na niliogopa pia bili ya gari la wagonjwa. Uvimbe ulipita kifundo cha mkono. Mama akasema midomo inamtekenya, kisha akasema mdomoni ana ladha ya msumari. Alipotapika mara ya pili nilichukua funguo. Tulifika hospitali karibu saa mbili baada ya kuumwa.

Waliomhudumia walifanya kazi ambayo sitaisahau. Walilegeza kitenge taratibu. Walikata pete yake ya ndoa kwa kifaa kidogo kama mkasi, kwa kuwa kidole kilikuwa kimeimeza. Muuguzi alichukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye mkono pale uvimbe ulipofikia, akaandika saa pembeni. Baada ya muda akarudi, akachora mwingine, akaandika saa. Mistari ilikuwa ikipanda mkono wa mama yangu kama ngazi, nami nilikaa nikiisoma. Walimpa vichupa kumi vya dawa ya kuzuia sumu ya nyoka kwa njia ya mshipa, baadaye vinne vingine. Mstari wa saa saba usiku na ule wa saa nane ulikuwa mmoja. Hapo ndipo nilipolia.

Sumu ya nyoka huyu haili nyama tu. Inaharibu uwezo wa damu kuganda, ndiyo maana walimtoa damu kila baada ya saa chache, na hata baada ya kuruhusiwa aliitwa tena kupimwa, kwani tatizo hilo linaweza kurudi siku kadhaa baadaye. Sasa fikirieni wembe kwenye mkono wa mtu ambaye damu yake haigandi. Fikirieni pia kitenge: sumu inayoozesha nyama imefungiwa mahali pamoja, na damu safi haipiti. Mama yu hai, namshukuru Mungu. Kidole chake cha shahada hakikunjiki tena, na hakishiki sindano.

Kuhusu ile ndoo ya rangi: daktari alipoona kilichomo alirudi nyuma. Kichwa cha nyoka huyu, hata kikiwa kimekatwa, kinaweza kuuma na kutia sumu kwa muda mrefu, hata saa nzima. Mdogo wangu alikuwa amekipakata garini njia nzima. Na hakikuwa na kazi yoyote, kwa sababu dawa wanayotumia hapa ni ileile kwa aina zote za nyoka wa kayamba. Picha ya mbali ingetosha, na hata bila picha wangemtibu.

Baba mdogo si mjinga, na sitaki msomaji yeyote amcheke. Ananiambia kambini aliona watu watatu waliowekewa jiwe wakapona, na ninamwamini. Swali langu ni moja: waliumwa na nyoka gani? Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata wale wenye sumu kali huuma mara nyingine bila kuimwaga, na huyu wa kayamba pia hufanya hivyo. Mtu aliyeumwa namna hiyo angepona hata kama angewekewa kipande cha mkaa wa kupikia, lakini shukrani zinakwenda kwa jiwe. Na yule ambaye hakupona, tunasema alichelewa kuwekewa, au alikuwa na jambo lake na watu. Jiwe halijawahi kulaumiwa.

Lenyewe kwa kawaida ni mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, uliochomwa hadi ukawa mweusi. Una vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu, ndiyo maana unanata penye damu. Jirani yetu alikuwa na jipya ambalo halijatumika. Nililichukua nikaligusisha ulimini mwangu, likanata vilevile, na nililazimika kulivuta. Ulimi wangu haukuwa na sumu. Nililifanya hili mbele ya baba mdogo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatoka nje.

Kuna jambo la pesa, nalo nalielewa, kwa sababu ndilo lililonifunga miguu mimi mwenyewe. Kichupa kimoja cha dawa hii huku kinauzwa maelfu ya dola. Wengi wetu tunafahamu mtu aliyepata bili akashindwa kula. Lakini tangu 1986 kuna sheria inayozilazimu idara za dharura za hospitali kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana uwezo wa kulipa. Bili huja baadaye, na juu ya bili mnaweza kuzungumza, kuomba msaada, kulipa kidogokidogo. Mama alikuwa na bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, nayo ilibeba. Tulikuwa tukiogopa deni ambalo halikuwepo, huku mkono wake ukivimba.

Kwa hiyo ndugu zangu mlio Arizona, Texas na kwingineko alipo nyoka huyu: akiuma mtu, msimpakie garini wala msimlete nyumbani. Pigeni 911, simu ya dharura. Vueni pete, bangili na saa kabla uvimbe haujafika. Mkalisheni atulie, mkono uwe usawa wa moyo. Msifunge, msichanje, msinyonye, msiweke barafu. Kuna pia simu ya wataalamu wa sumu, 1-800-222-1222, ni ya bure, mchana na usiku, na mkiomba mkalimani anatafutwa. Niliipigia baadaye kujaribu, nikajibiwa.

Nina neno pia kwa mashirika yanayotupokea. Tulipofika tulifundishwa kuwasha jiko, kupanda basi, na kuzima king'ora cha moshi. Nilifundishwa hata jinsi ya kupanga takataka. Juu ya nyoka hatukuambiwa neno, ilhali mtu wa kwanza aliyetugawia kipande cha shamba alikipima pembeni ya jangwa. Nusu saa ingetosha: picha moja ya yule nyoka, namba mbili za simu, na mtu anayejua Kiswahili wa kuwaambia wazee, kwa heshima, kwamba jiwe lisubiri.

Nanyi mlio nyumbani, msidhani haya ni ya Wamarekani. Kila mwaka watu 7,000 hadi 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu Marekani, na wanaokufa ni kama watano. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Nyoka wa huku si wapole kuliko piri wetu. Dawa iko karibu, hilo tu. Fizi, mtu akiumwa leo, atabebwa kwa siku nzima na huenda asikute kichupa hata kimoja. Najua kwa nini watu wa huko wanashika jiwe. Lakini nguvu tunayotumia kuyatafuta na kuyasafirisha mawe haya, sisi wa huku na ninyi wa huko, ningependa tuitumie kuwauliza viongozi wetu vichupa viko wapi, kituo kwa kituo, hadi wachoke kutusikia.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka wote uliofuata mama alikuwa akiruka akiona mpira wa maji uani. Mwezi huu amerudi shambani. Amevaa buti hadi magotini na glavu nene za ngozi ambazo mdogo wangu alimnunulia. Baba mdogo huenda naye, anashika tochi. Kabla ya kugusa tuta lolote mama hupiga ardhi kwa mpini wa jembe mara tatu, anasema "Hodi," kisha anasimama akisikiliza. Juzi nilikuwa nao. Tulisimama watatu kwenye giza, kimya, hadi baba mdogo aliposema, "Haya, mama, karibu," ndipo akainama kuchuma.

Mama Riziki,
Phoenix, Arizona, Marekani