Makamishna wa viapo wapewe mafunzo

Mhariri,

Suala la mafunzo ya makamishna wa viapo, yaani mawakili walioidhinishwa kushuhudia hati za kiapo, limepuuzwa mno. Sheria ya Viapo ya Kenya, Sura ya 15, inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoliwa, na kanuni zake zinadai kila kiambatisho kipigwe muhuri na kupewa alama. Si kazi ngumu. Hata hivyo, kuna hati zinazogongwa muhuri kwa mkupuo, mwenye kiapo hayupo, tarehe imeachwa wazi ijazwe na karani baadaye. Kasoro hiyo huibuka katika mahakama za Milimani, wakili wa upande wa pili anapoomba hati iondolewe kwenye kesi. Anayeumia ni yule aliyelipia muhuri.

Jaji Mkuu, ambaye ndiye huwateua, aweke somo fupi la lazima kila mwaka: kukagua kitambulisho, kumsomea hati asiyejua kusoma, kukataa hati ya kesi ambayo kamishna mwenyewe ni wakili wake. Kisha kila kamishna atoe saa chache kwa mwezi kushuhudia viapo bila malipo katika vituo vya Huduma, wananchi wanakopata huduma za serikali. Waanzie Makadara na Kibra, ambako ada ya muhuri si pesa ndogo.

Msomaji,
Nairobi