Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Moto wa Kiangazi Mashambani

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nitazungumzia tu moto kwenye mashamba yetu ya misindano, yaani miti ya paina.

Kiangazi cha huku Nyanda za Juu Kusini mnakijua. Sakitu ya Juni na Julai inaua nyasi, upepo wa Agosti unazikausha, na jua la Septemba na Oktoba linapokolea ndipo watu wanaposafisha vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwa kiberiti. Moto unaanzia bondeni na kupanda kwenye misindano. Kwa hiyo upande wa chini wa shamba ndio wa kuangaliwa kwanza: barabara ya moto, yaani ukanda uliopaliliwa ili moto usivuke, iwe na upana wa mita 10 kuzunguka shamba lote, na upande wa bonde iongezwe pale penye mteremko mkali.

Hata hivyo, kasoro kubwa ambayo kamati imeikuta kwenye ukaguzi si upana. Barabara nyingi zimefyekwa tu, nyasi zimelala palepale. Zikishakauka zinapitisha moto kama utambi. Jembe lipite mpaka udongo uonekane, na takataka zitolewe, zisirundikwe ukingoni mwa miti. Palizi ya kwanza ni mwishoni mwa Mei, ardhi ikiwa bado laini. Ya pili, inayosahauliwa na wengi, ni Septemba. Majani ya misindano hudondoka kiangazi chote, na barabara iliyokuwa nyekundu mwezi Juni inakutwa imefunikwa zulia la kahawia.

Miti ya miaka minne au mitano ipogolewe hadi mita 2 hivi, bila kuvuka nusu ya urefu wake, ili moto wa chini usipate pa kukwelea. Lakini ukiyaacha matawi chini ya mashina, ni afadhali usingepogolea kabisa.

Vifaa vya stoo. Bomba la mgongoni la lita 16 likikaa miezi bila maji, washa, yaani mpira wa kuzibia ndani yake, hukauka, na siku ya moto linamvujia mbebaji kabla hajafika. Mabomba yajazwe na kupampiwa kila mwezi, wala yasiazimwe kupulizia nyanya. Vipigio, yaani kipande cha mpira mnene kwenye mpini wa mita 2, hukandamizwa na kuburuzwa. Ukikiinua juu na kukibamiza kwa hasira, unarusha cheche upande ambao haujaungua.

Wazimaji wavae pamba. Jezi za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kikombe cha maji kila dakika 20, hata kwa asiyesikia kiu. Anayeanza kuongea ovyo atolewe haraka kivulini, aloweshwe maji mwili mzima, apelekwe zahanati.

Moto ukizimwa, msiondoke. Visiki na mizizi hufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa, na upepo wa saa 8 mchana ukivuma, moto unaamka upya. Pitisheni mgongo wa mkono karibu na kila kisiki. Penye joto chimbeni, mwagieni maji, pimeni tena. Ulinzi usipungue saa 48, kwa zamu.

Pendekezo la kamati, ambalo naomba mlipigie kura leo: shamba ambalo barabara yake haijapaliliwa ifikapo 10 Juni litapaliliwa na vibarua wa chama, na mwenye shamba hatapewa miche ya msimu unaofuata mpaka alipe gharama hiyo.