Mwanangu, kuhusu ahadi ya ubongo wako

Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, na goti lake limetulia tangu abadilishiwe dawa. Maelezo uliyonitumia kwenye simu nimeyasoma yote, kisha nikayarudia. Unaomba radhi yangu uahidi kwamba siku Mungu atakapokuita, ubongo wako upewe watafiti. Nakujibu hapa mwanzoni ili usihangaike: radhi unayo. Ila nina maneno, na wewe baba yako unamjua.

Nimefanya kazi ya utabibu mpaka nikastaafu, kwa hiyo kwanza nilitaka kujua hao watu ni akina nani. Concussion Legacy Foundation, ambayo siku hizi inaitwa Concussion & CTE Foundation, ni taasisi ya hisani ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2007 na Chris Nowinski, aliyecheza mpira wa Kimarekani Harvard na kisha mieleka mpaka mitikisiko ya ubongo ikamtoa ulingoni, pamoja na Dkt. Robert Cantu, daktari wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 2008 walishirikiana na Chuo Kikuu cha Boston na Idara ya Maveterani, yaani idara ya Marekani inayohudumia waliokuwa wanajeshi, kuanzisha benki ya ubongo, mahali pa kuhifadhi na kuchunguza bongo za marehemu, chini ya Dkt. Ann McKee. Walianza na wanamichezo. Huo Project Enlist uliouandika ndio mlango waliowafungulia wanajeshi kama wewe. Nimeridhika nao, hasa kwa sababu familia hailipi chochote.

Ugonjwa wanaoufuatilia zaidi, CTE, yaani kuharibika kwa ubongo kunakohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, hauna kipimo cha kuuthibitisha kwa mtu aliye hai. Protini iitwayo tau hujikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu, chini kabisa kwenye mikunjo ya ubongo, na mpaka leo anayeweza kuiona kwa hakika ni daktari mwenye darubini baada ya mtu kufariki. Ndiyo maana watu hawa hawaombi fedha tu. Mtu tajiri anaweza kuwajengea maabara nzima, na bado wakakosa cha kuweka chini ya darubini.

Sasa kuna jambo hukuliandika, lakini nimelisikia. Unaandika kama mtu aliyekwisha kujipimia ugonjwa. Kichwa kinauma, usingizi umepotea, hasira inakuja bila kubisha hodi, na wewe umeamua ni CTE. Mwanangu, hilo sikukubalii.

Mwaka 2017 ilitoka habari iliyotisha dunia: kati ya wachezaji 111 wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani waliochunguzwa na watu wa Boston, 110 walikutwa na CTE. Wengi waliishia hapo. Lakini watafiti wenyewe walionya kwamba familia nyingi hutoa ubongo wa ndugu yao kwa sababu walikwisha kumwona akibadilika, kwa hiyo hesabu ile haikuwa ya wachezaji wote. Na ya wanajeshi je? Mwaka 2022 kundi la Dkt. Daniel Perl, kutoka benki nyingine iliyoko Bethesda, lilitangaza matokeo ya bongo za watu 225 waliopata kutumikia jeshi. CTE ilionekana kwa 10. Wote 10 walikuwa wamecheza michezo ya kugongana, na nusu yao walikuwa na alama moja tu ya ugonjwa huo kwenye ubongo. Kati ya 45 waliowahi kupigwa na mlipuko, waliokutwa nayo ni watatu. Shika hesabu hizo usiku usingizi ukigoma.

Sisemi huna kitu. Huyo huyo Perl na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba milipuko huacha makovu ya namna nyingine, pale sehemu ya kijivu ya ubongo inapokutana na sehemu nyeupe, na kuzunguka mishipa ya damu. Walichunguza watu wachache sana: watano waliokuwa wameishi na athari za mlipuko kwa muda, na watatu waliofariki muda mfupi baada yake. Msafara wenu ulipokanyaga bomu kule Afghanistan, picha za kichwa ulizopigwa zilirudi safi, na ukaambiwa huna tatizo. Makovu haya hayaonekani kwenye picha za kawaida za hospitali. Kwa watu kama wewe, elimu ndiyo kwanza inaanza, na hapo ndipo radhi yangu ilipotoka.

Imetoka pia kwa babu yako. Unajua alikuwa keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza. Alikuwa Burma mwaka 1944, askari wa Afrika Mashariki walipopita bonde la Kabaw chini ya mvua za monsuni. Alirudi na viungo vyake vyote, akapata shamba, akaoa, akatuzaa. Lakini kampuni ya barabara ilipokuwa inapasua mwamba, alitoka nyumbani na kulala kwenye migomba mpaka wamalize. Majina ya watoto wake yalimponyoka kabla hajazeeka. Shangazi zako walisema amerogwa, akapelekwa kwa waganga, mbuzi wakachinjwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mizinga ilianguka karibu naye mara ngapi. Mwingereza Charles Myers alikwisha kuandika juu ya askari waliotikiswa na mizinga mwaka 1915, katika jarida la madaktari, na madaktari wakabishana miaka na miaka kama ni ubongo ulioumia au ni moyo ulioogopa. Babu yako alizikwa mabishano yakiendelea. Inaniuma mpaka leo kwamba hakuna aliyejifunza chochote kutokana na mateso yake. Wewe mlango huo umeupata. Jeshi la Marekani lilikuchukua kwa ajili ya Kiswahili chako, waliporuhusu wageni wenye lugha walizohitaji kujiunga. Sasa wajifunze na kutoka kwako.

Kuhusu msiba usiwe na wasiwasi. Najua ukoo wetu; mwili ukiletwa nyumbani, mtu wa kwanza atauliza kama umekamilika. Nimesoma kwamba uchukuaji wa ubongo haugusi uso, na jeneza linaweza kufunguliwa watu wakaaga. Mchungaji nimeshazungumza naye, hana neno. Shangazi yako mkubwa niachie mimi.

Jambo moja limenipa kazi. Watafiti huwauliza jamaa habari za marehemu: aliumia lini, alicheza nini, alibadilika vipi. Kwa mpangilio wa Mungu mimi nitakuwa nimetangulia, kwa hiyo ninayoyajua nakuandikia leo, uyaweke pamoja na karatasi zako. Ukiwa darasa la nne ulianguka kutoka kwenye mfenesi, ukapoteza fahamu, ukatapika usiku kucha. Sekondari ulikuwa golikipa, ukajigonga kwenye mlingoti, ukacheza hadi mwisho wa mechi usikumbuke matokeo. Malaria kali iliyokupanda kichwani uliipata kabla hujaanza shule, ukapata degedege. Shuleni ulikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kukasirika. Hasira hizi za sasa hukuzaliwa nazo. Waandikie hivyo hivyo.

Mkeo mwambie wiki hii. Yeye ndiye atakayeulizwa ridhaa, si mimi, na si haki alipate jambo hili siku ya kilio.

Na matibabu yasisubiri utafiti. Rudi kliniki, waambie habari ya usingizi kwanza. Mtu asiyelala miezi haumwi kichwa peke yake, huumwa kila kitu, na usingizi una tiba. Maumivu ya kichwa yana tiba, na jinamizi zinazokurudisha barabarani zina tiba, hata kwa mwenye kovu. Taasisi hiyo hiyo ina huduma ya kuwaelekeza wagonjwa kwa madaktari wanaofahamu mambo haya. Itumie sasa ukiwa hai. Na usiku ukikuzidi, piga 988 kisha bonyeza 1, ndiyo simu ya maveterani. Kisha nipigie mimi, saa yoyote.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa na simu mkononi. Mama yako ana maswali yake, jiandae kuyajibu taratibu.

Baba yako